Nakala Pekee

Ndani ya kila programu ya zamani ya barua pepe kulikuwa na mahali padogo pa kuweka tiki, pamefichwa kwenye ukurasa wa mipangilio ambao wengi wetu tuliufungua mara moja tu, siku ya kwanza. Palihusu jambo moja: barua ikishashushwa kwenye kompyuta yako, nakala yake ibaki kwenye seva au ifutwe? Ukiweka tiki, inabaki. Usipoweka, programu inachukua barua, inahakikisha imefika salama, kisha inaifuta kule ilikotoka. Sasa mjini Morogoro, mwaka 1998, nani angeweka tiki? Nafasi aliyogawiwa mtu kwenye seva ilikuwa finyu, na ikijaa, barua mpya zinarudi kwa aliyezituma. Simu nayo ililipiwa kwa muda. Mtu aliunganisha modemu, akasikiliza ile milio yake, akazoa barua zote kwa mpigo mmoja, akakata laini upesi, ndipo akaketi kuzisoma bila haraka. Majibu aliyaandika hivyohivyo, laini ikiwa imekatwa, yakapanga foleni kungoja simu ya jioni.

Wasiokuwapo enzi hizo wafikirie sanduku la posta. Unakwenda na ufunguo, unafungua, unatoa kilichomo, unaondoka nacho, na sanduku linabaki tupu. Posta haikutunzii nakala ya barua uliyokwenda nayo nyumbani. POP, utaratibu tuliotumia kushushia barua, ulioandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na kufikia toleo lake la tatu mwaka 1988, ulijengwa juu ya fikra hiyo ya sanduku. IMAP, alioubuni Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986, ulifuata fikra tofauti: barua zikae kwenye seva, na kompyuta yako iwe dirisha la kuzitazamia. Ni utaratibu mzuri, ila ulimfaa zaidi mtu mwenye laini ya kudumu. Sisi tulikuwa watu wa kupiga na kukata.

Kwa hiyo uamuzi uliofanywa kwa sababu ya bili ya simu umetuachia jambo kubwa kuliko bili yenyewe. Barua nyingi zilizoandikwa na kupokelewa hapa Morogoro kati ya katikati ya miaka ya 1990 na mwisho wa miaka ya 2000 hazipo popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta iliyozishusha. Nazo kompyuta hizo ziko chini ya meza, kwenye stoo za vitivo, kwenye veranda za wastaafu huko Bigwa na Kola, zimefunikwa kitambaa. Baadhi yake zimekwisha uzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Anayemhamishia mzazi wake barua kutoka mashine ya namna hiyo kwenda kompyuta mpya hudhani anafanya kazi ya mchana mmoja, ya kuchosha, ya kunakili mafaili. Mimi naamini anafanya kazi ya mtunza nyaraka, tena bila mafunzo, bila bajeti na bila mtu wa kumsimamia.

Tukumbuke pia safari ya barua hizo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Tanzania haijawa na intaneti ya kuuzwa dukani, ujumbe wa kompyuta ulisafiri kwa FidoNet, mtandao wa kompyuta zinazopigiana simu kwa zamu na kupokezana mafurushi. Muhimbili kulikuwa na kituo cha HealthNet. London kulikuwa na lango la GreenNet lililopokea mafurushi ya Afrika na kuyaingiza kwenye intaneti. Swali la mtafiti wa Morogoro kuhusu ugonjwa wa mbuzi lingeweza kulala njiani usiku mzima na bado likaonekana limefika kwa kasi ya ajabu, kwa kuwa barua ya karatasi ilichukua wiki kadhaa. Baadaye zikaja anwani zinazoishia suanet.ac.tz, ambazo mpaka leo zimechapwa chini ya majina ya waandishi katika makala nyingi za kisayansi za wakati ule. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, ukafuatiwa na Mkongo wa Taifa kuelekea mikoani, tabia ya kuzoa na kukata ikaanza kufa. Waliofungua anwani yao ya kwanza baada ya hapo, tena kwenye simu ya mkononi, hawajui kwamba barua inaweza kuishi mahali pamoja tu.

Nililiona hilo kwa macho yangu kwa mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtafiti mstaafu wa udongo, aliyenifundisha. Maisha yake ya kazi yamepita kwenye miteremko ya Uluguru akipima mvua na udongo unaoondoka nayo. Watoto wake walimnunulia kompyuta mpakato mpya, wakataka ile ya zamani iondoke sebuleni. Tukaipakia kwenye bajaji, tukaipeleka kwa kijana fundi mwenye kibanda si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu.

“Shikamoo Prof,” kijana alisema, akipokea ile sipiyu kwa mikono miwili.

“Marahaba, mwanangu. Nataka barua zangu zihamie humu.”

“Hiyo wala isikupe shida, Prof. Weka anwani na nywila yako kwenye hii mpya, zitashuka zenyewe.”

“Zitashuka kutoka wapi?”

“Si kwenye seva?”

“Huko hazipo,” Prof alisema, na kiganja chake kikawa juu ya sipiyu. “Ziko hapa.”

Kijana alinyamaza kidogo. Ni fundi mzuri. Anapiga window, anafufua simu zilizoanguka majini, anarusha data kutoka diski zilizogoma. Ila hili lilikuwa geni kwake, naye hakujifanya analijua. Akafungua boksi, akatoa diski yenye ule mkanda mpana wa nyaya ambao siku hizi huuoni, akatafuta kwenye droo adapta ya kuiunganisha na USB. Akapuliza vumbi. Diski ikazunguka. Sisi watatu tukainama kuisikiliza.

Programu ya Prof ilikuwa Eudora. Steve Dorner aliiandika mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, akaipa jina la Eudora Welty, mwandishi Mmarekani mwenye hadithi fupi ya mwanamke aliyehamia kuishi posta. Vyuo vingi vya dunia viliipenda kwa wepesi wake. Toleo lake la mwisho la asili lilitoka mwaka 2006, na mwaka 2018 jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta lililoko California likaweka msimbo wake hadharani, kama kitu cha kale kinachostahili kuhifadhiwa. Uzuri wake kwetu siku ile ulikuwa huu: kila kasha la barua ni faili moja la maandishi ya kawaida, jina lake linaishia na .mbx, na barua zimefuatana humo moja chini ya nyingine. Hata programu ikifa, maneno yanasomeka. Kijana alilifungua faili moja kwa Notepad, na barua ya Novemba 1999 ikatokea kwenye skrini kana kwamba imeandikwa wiki iliyopita. Prof akaisoma hadi mwisho kabla hajaturuhusu kuendelea.

Maneno, basi, yalihama bila taabu kubwa. Tuliyageuza yakaingia kwenye Thunderbird, tukahakikisha tarehe hazikubadilika, maana iko njia ya haraka inayohamisha barua na kuzipa zote tarehe ya leo, na mtu mwenye barua elfu kadhaa zilizopokelewa siku moja amepoteza nusu ya kilichomfanya azitunze. Taabu ilikuwa kwenye vile ambavyo hakuna anayeviita barua.

Chukua viambatanisho. Eudora ilikuwa na desturi ya kukichomoa kiambatanisho kwenye barua mara tu inapofika, kukiweka kwenye folda ya pembeni, na kuacha katika barua mstari mmoja wa kuonyesha kilipo. Barua ya Prof inasema takwimu za mvua ziko C:\EUDORA\ATTACH, kisha jina la faili, MGETA99.WK1. Kwenye kompyuta mpya hakuna njia hiyo. Anayehamisha makasha ya barua peke yake atakuwa na barua kamili zinazoelekeza mahali pasipokuwapo, wala hatajua hadi siku atakapozihitaji takwimu. Folda ile tuliiomba kwa jina, ikapatikana. Mafaili ya WK1 ni ya Lotus 1-2-3, programu ambayo vijana hawakuwahi kuiona, ila LibreOffice ya bure inayafungua mpaka leo.

Kisha mipangilio. Hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi, maana watu huitupa bila kufikiri. Kitabu cha anwani cha Prof kilikuwa na majina ya utani aliyoyaandika mwenyewe ili kurahisisha kazi: “Bwana Mvua”, “Wa Matombo”, “Maabara”, “Kamati ya Jumanne”. Kulikuwa na makundi: andika neno moja, barua inakwenda kwa watu kumi na watano. Kulikuwa na vichujio vilivyokuwa vikipanga barua zenyewe, za wanafunzi huku, za wafadhili kule, na folda moja yenye jina “Misiba” ambamo matangazo yote ya vifo yalijipanga bila mtu kuyagusa. Njia ya kawaida ya kuhamisha anwani hubeba jina na anwani, basi. Jina la utani linaanguka njiani. Kundi linavunjika kuwa watu mmoja mmoja wasiojuana. Vichujio havihami kabisa, kwa sababu kila programu inaviandika kwa lugha yake.

Barua ni walichosema watu; mipangilio inaonyesha jinsi mtu mmoja alivyouelewa ulimwengu wake: nani ni wa nani, lipi linakwenda na lipi, nani wa kujibiwa kwanza. Prof hakuwahi kuandika popote kwamba wale kumi na watano ndio walioshika utafiti wa Uluguru kwa miaka minane, wakiwamo maofisa ugani wawili na paroko mmoja. Kundi lile ndilo lililosema. Kwa hiyo tuliketi, nikawa nauliza, naye anataja, nami naandika upya kila jina la utani pembeni ya jina la kweli. Hakuna programu ingetufanyia hivyo.

Hata sahihi iliyojibandika chini ya kila barua yake ilikuwa na historia. Ilionyesha namba ya simu inayoanza na 056, msimbo wa Morogoro kabla haujawa 023. Kijana alitaka kuirekebisha. Prof alikubali kwa barua mpya, akasema za zamani zibaki na 056 yake, kwa sababu mtu atakayezisoma ataweza kukisia umri wa barua kwa hiyo namba tu.

Nywila nayo. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeikumbuka kwa niaba yake miaka yote. Yeye mwenyewe hakuijua tena. Huduma ya barua ikataka kumthibitisha kwa ujumbe wa simu, nayo namba iliyosajiliwa huko ilikuwa miongoni mwa zile zilizozimwa kuanzia Januari 2020, laini zote zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipofungwa. Ikabidi tupitie anwani ya akiba, ya binti yake aliyeko Mbeya, ambaye alitusomea tarakimu kwa simu. Nawaomba wenye wazazi waliostaafu walifanye hili mapema, mzazi akiwa hai na ana kumbukumbu: mwulizeni nywila, mwulizeni namba ipi inapokea uthibitisho, na mkiweka akaunti kwenye mashine mpya, wekeni ile tiki ya kuacha nakala kabla hamjabonyeza kitufe cha kupokea. Mashine mbili zenye POP zikivuta kutoka sanduku moja bila tiki hiyo zitagawana barua, nyingine huku, nyingine kule.

Jambo jingine lilijitokeza ambalo sikulitarajia. Kazi ilipokaribia kwisha, kijana alipendekeza, kwa nia njema kabisa, abaki na nakala kwenye kompyuta yake “kwa usalama, Prof, ikitokea shida.” Prof alikataa kwa upole, na akakaa kwenye benchi la kibanda hadi nakala ya muda ilipofutwa mbele yake. Akamweleza kijana kwamba barua hizo si zake peke yake. Mna mwanafunzi aliyekuwa akiomba ahirisho la mtihani kwa sababu ya ujauzito. Mna mwenzake aliyemwandikia kuhusu ugonjwa wake kabla hajawaambia nduguze, naye sasa ni marehemu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni jambo jema kwamba ipo. Lakini Prof hakuitaja sheria. Alitumia neno amana, na kijana akaelewa mara moja.

Kilomita chache kutoka pale kibandani, ng'ambo ya mji, kuna Mazimbu. Huko, kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali yetu, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Shule ilidumu hadi 1992, ANC ilipoyakabidhi majengo kwa Tanzania na watu wake kurudi kwao. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliporudi hawakuacha makaratasi yao nyuma. Kumbukumbu za shule, mafaili na barua, zilikwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, ambako watafiti wanazisoma hadi sasa. Fikiria watu waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya miaka ya uhamishoni, wenye kila sababu ya kuondoka mikono mitupu na kuanza upya, na bado mtu akaamua kwamba masanduku ya mafaili nayo yatasafiri. Mji wetu umewahi kuona uhamisho wa barua ukifanywa kwa heshima. Mfano tunao mlangoni.

Na milima ya Uluguru yenyewe ina mfano wake. Miaka ya 1950 utawala wa Mwingereza uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wakachoka, wakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Mpango ule umeandikwa mno. Yapo mafaili ya maofisa, kipo kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha mwaka 1960, na mwanafunzi wa leo anaweza kujua mkuu wa wilaya alimwandikia nini bosi wake. Lakini miaka arobaini baadaye, watafiti wazalendo waliporudi kwenye miteremko ileile, safari hii kwa kuwauliza wakulima badala ya kuwaamrisha, mabishano yao yote mazuri, nani alishauri nini, mkulima gani alikataa na kwa hoja ipi, yalipita kwenye barua pepe zilizozolewa na kukatwa. Inaniuma kufikiri kwamba mwanahistoria wa kesho atakuwa na sauti ya mkoloni wa 1955 kikamilifu, na ya Mtanzania wa 1999 hatakuwa nayo, kwa sababu tu sebule ilihitaji nafasi.

Vyuo vyetu vinaweza kuzuia hilo kwa gharama ndogo. Mhadhiri anapostaafu huulizwa kuhusu funguo za ofisi, vitabu vya maktaba na kompyuta ya taasisi. Aulizwe pia kuhusu barua zake: zipi za kazi, zipi za nyumbani, zipi zifungwe kwa miaka kadhaa, zipi mwanafunzi aruhusiwe kuzisoma kesho. Akae na mkutubi mmoja, waende folda kwa folda. Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa tangu 2002, hatuanzi patupu.

Mwezi uliofuata uhamisho ule wa barua, Prof alimtumia dada mmoja wa shahada ya uzamili yale mafaili ya mvua ya Mgeta, ya miaka ambayo hakuna vipimo vingine vingi vya upande ule. Dada akayafungua, akayachora, kisha akarudisha swali: takwimu zimetumwa na “Bwana Mvua”, huyo ni nani, na kipimo chake kilikaa wapi? Bila hilo hawezi kuzitumia. Prof aliniita nije niandike, maana macho yake huchoka. Akataja jina kamili la mwalimu wa shule ya msingi, marehemu sasa, aliyekuwa akishuka mjini kila mwisho wa mwezi kufuata mshahara kwa njia ya Sangasanga, akapitia duka la intaneti kutuma namba zake kabla ya kupanda gari la kurudi. Kipimo alikifunga nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo miti haikukinga mvua. Prof mwenyewe alikwenda kupahakiki. Baada ya mwalimu kufariki, binti yake aliendelea kupima kwa misimu michache. Anwani yake imo kwenye kundi lilelile, akasema Prof, mwisho kabisa wa orodha, mtafuteni. Dada yule amekwisha mwandikia.